Kuinua pikapu ya kazi: Mzigo ndio uamue, si kimo

MVUA za masika zinapokaribia, gereji nyingi nchini hupokea wateja wenye ombi moja: pikapu iinuliwe. Mkulima wa Nyandarua amechoka kukwama matopeni akipeleka maziwa sokoni. Mjenzi wa Kitengela amegongesha tumbo la gari mara nyingi mno kwenye mawe. Kijana wa mjini naye anatamani tu gari lake lisimame kwa madaha. Wote watatu hutaja kimo wanachokitaka kabla ya kusema neno lolote kuhusu kazi ya gari, na hapo ndipo kosa huanzia.

Pikapu inayoendeshwa kila siku si gari la mashindano. Gari hilo hilo hupeleka watoto shuleni asubuhi, hubeba saruji mchana, na jioni hurudi nyumbani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika barabara iliyojaa matrela na matatu. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza si sentimita ngapi, bali ni kilo ngapi: gari hubeba uzito gani siku nyingi za juma? Anayejibu swali hilo kwa ukweli huwa amekwisha kuchagua nusu ya vifaa anavyovihitaji.

Kinachoinuka na kisichoinuka

Uzito wa gari hubebwa na springi. Shoki hazibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza springi zisiendelee kunesa baada ya gurudumu kuingia shimoni. Pikapu nyingi zinazouzwa nchini zina springi za majani upande wa nyuma, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Upande wa mbele, Toyota Hilux za tangu katikati ya miaka ya 2000 na Isuzu D-Max za kizazi cha pili na baadaye zina springi za koili. Isuzu D-Max za kizazi cha kwanza, Nissan Hardbody na Hilux nyingi za zamani zenye kuendeshwa kwa magurudumu manne hutumia fimbo ya chuma inayojisokota badala ya koili.

Springi ikibadilishwa kwa iliyo ndefu au yenye mpindo mkubwa zaidi, kinachoinuka ni bodi na fremu. Ekseli ya nyuma pamoja na difu yake hubaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu imeshikana na magurudumu. Mwenye gari ambaye difu yake hugonga jiwe lililo katikati ya njia ataendelea kuligonga hata baada ya kulipia springi mpya. Kinachoinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, na hapo pia faida ni nusu tu ya tofauti ya kipenyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Tairi la ukubwa wa 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi, na la 265/70R17 lina milimita 803. Tofauti ni milimita 27, kwa hivyo difu itainuka kwa takriban milimita 13, unene wa kidole. Kwa badiliko hilo, kipimamwendo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu 83. Tairi kubwa pia huwa zito zaidi, hivyo breki na injini hulazimika kufanya kazi zaidi na mafuta hutumika kwa wingi.

Kuanza na mzigo

Springi za kuinulia huuzwa kwa viwango vya uzito. Zipo za gari lisilobeba kitu, zipo za mzigo wa wastani, na zipo za gari linalobeba kilo mia kadhaa wakati wote. Neno la kuzingatia ni wakati wote. Bampa la chuma, winchi, kibanda cha nyuma na sanduku la vifaa vya fundi ni uzito usioshuka kamwe, na springi huchaguliwa kwa kuuhesabu huo. Mifuko 10 ya saruji, ambayo ni kilo 500, ikibebwa mara moja kwa mwezi, si mzigo wa kudumu.

Wanaochagua springi ngumu kwa ajili ya siku moja ya mzigo huadhibiwa siku 29 zilizosalia. Pikapu inayosafirisha miraa kutoka Maua, kwa mfano, huenda ikiwa imejaa na kurudi tupu. Ikiwekewa springi za mzigo mzito pekee, safari ya kurudi huwa ya kurushwarushwa: nyuma hurukaruka kwenye barabara ya changarawe yenye makunyanzi, matairi hukosa kushika ardhi, na kwenye kona yenye maji nyuma huweza kuponyoka. Aliye na mzigo wa kupanda na kushuka namna hiyo hufaidika zaidi na springi za wastani zenye jani la msaada, ambalo hugusana na mengine pale tu mzigo unapozidi. Njia nyingine ni mifuko ya hewa inayoongezwa upepo siku ya kazi. Hata hivyo, mifuko hiyo huelekeza uzito sehemu moja ya fremu, na fremu za pikapu zenye vyumba viwili zimewahi kupinda kwa kujazwa kupita kiasi huku mwenye gari akidanganywa na nyuma iliyosimama wima.

Jambo hilo halina budi kusisitizwa. Springi mpya haziongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Breki, ekseli, fremu na matairi ni yale yale. Pikapu ya tani moja hubaki kuwa ya tani moja hata ikiwa ndefu kama twiga.

Njia za mkato na gharama yake

Kwa upande wa nyuma, njia iliyo bora ni kununua springi kamili zilizotengenezwa kwa gari husika pamoja na shoki za urefu unaolingana. Njia ya pili, iliyozoeleka sana katika gereji za jua kali, ni kuongeza jani moja au mawili kwenye springi kuukuu. Hii huinua gari na kulikaza, lakini majani ya zamani yaliyochoka hayageuki kuwa mapya, na springi yenye majani ya nguvu tofauti huchoka bila usawa. Njia ya tatu ni kurefusha shakeli, ambapo kila sentimita mbili zinazoongezwa hutoa takriban sentimita moja ya kimo, huku pembe ya ekseli ikibadilika. Njia ya nne ni kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi. Kipande kimoja imara kilichoundwa kwa kazi hiyo hutumika hata viwandani, lakini kupanga vipande viwili kimoja juu ya kingine, au kutumia mbao, ni kuchimba kaburi. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, ekseli hutaka kujizungusha, na kipande kirefu huipa nafasi ya kufanya hivyo.

Kwa upande wa mbele, mwenye gari la fimbo za kujisokota hushawishiwa na fundi kukaza bolti mbili tu, na gari hupanda bila kununuliwa chochote. Ugumu wa fimbo haubadiliki kwa kukazwa. Kinachobadilika ni kwamba mikono ya gurudumu hukaribia mwisho wake wa chini, hivyo gurudumu likiingia shimoni halina tena nafasi ya kushuka, na dereva husikia kishindo. Kwa magari ya koili, njia ya mkato ni kuweka kipande cha duara juu ya shoki. Ni rahisi kwa bei, lakini springi na shoki zilizochoka huachwa mahali pake, na viungo vya mikono husukumwa hadi ukingoni gurudumu linaponing'inia.

Pikapu zenye kuendeshwa kwa magurudumu manne zina shafti mbili za mbele zenye viungo vilivyofunikwa kwa buti za mpira. Kadiri bodi inavyoinuka, ndivyo shafti hizo zinavyoinama. Kwa magari mengi ya siku hizi, milimita 40 hadi 50 ndicho kiwango kinachostahimilika bila kubadilisha vifaa vingine. Zaidi ya hapo, buti hupasuka, vumbi na maji huingia, na viungo hulika. Atakaye kimo kikubwa zaidi hulazimika kununua mikono mipya ya juu, kuteremsha difu ya mbele na kurekebisha propela inayoanza kutetemesha gari linapoondoka. Gharama huzidi maradufu, ilhali gari la kila siku halina mahali pa kuitumia faida hiyo.

Uthabiti, breki na taa

Gari refu hupinduka kwa wepesi zaidi. Wahandisi hupima uthabiti kwa kugawanya upana ulio kati ya magurudumu kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Kwa mfano, upana ukiwa sentimita 150 na kitovu kikiwa sentimita 70 kutoka ardhini, jibu ni 1.07. Kitovu kikipanda kwa sentimita tano, jibu hushuka hadi 1.00, kikipanda kwa sentimita 10, hushuka hadi 0.94. Tofauti hiyo haionekani gereji. Huonekana dereva anapomkwepa ng'ombe aliyeingia barabarani ghafla, au anapoteremka Mai Mahiu akiwa na magunia ya viazi yaliyopangwa hadi juu ya kichwa cha gari.

Breki nazo huathirika kwa namna ambayo wengi hawaijui. Pikapu nyingi zisizo na mfumo wa kielektroniki wa kugawa nguvu za breki zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono mdogo wa chuma. Mzigo ukiwekwa, bodi hushuka, mkono husogea, na vali huruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Gari likiinuliwa bila mkono huo kurekebishwa, vali hudhani kwamba gari ni tupu siku zote. Matokeo yake ni kwamba siku ya mzigo, ambapo breki za nyuma zinahitajika zaidi, hupunguziwa nguvu. Mafundi wasioujua mfumo huu huwarudishia wateja magari yaliyo hatari zaidi kuliko walivyoyapokea.

Taa pia huinuka pamoja na bodi na kuwapofusha madereva wanaotoka upande wa pili. Kuzipanga upya ni kazi ya dakika chache, na kutoifanya ni kuhatarisha maisha ya watu wasiohusika.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari na vifaa vyake viwe katika hali isiyoweza kuleta hatari kwa walio ndani yake wala kwa watumiaji wengine wa barabara. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012, ndiyo inayosimamia ukaguzi wa magari. Ni busara pia kuiarifu kampuni ya bima kwa maandishi kabla ya kazi kufanywa, kwa kuwa badiliko lililofichwa linaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia baada ya ajali.

Siku ya gereji

Kabla ya kulipeleka gari, mmiliki apime kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, gari likiwa mahali tambarare na likiwa na mzigo wake wa kawaida. Vipimo vinne hivyo viandikwe. Mara nyingi hugundulika kwamba gari halikuhitaji kuinuliwa ila lilikuwa limelala kwa uzee wa springi, na kwamba springi mpya za kimo cha kiwandani zingetosha.

Wakati wa kazi, yu-bolti za zamani zisirudishwe, zinunuliwe mpya. Bolti zinazoshika bushi za springi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia kwenye jeki, la sivyo bushi hujipinda na kuraruka mapema. Mipira ya breki iangaliwe isiwe imevutika gurudumu linaposhuka kabisa. Kisha gari lipelekwe siku hiyo hiyo kupangwa magurudumu ya mbele. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona, au tairi linalolika upande mmoja, ni ishara kwamba kazi haijakamilika. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000, bolti zote zikazwe tena na vipimo vinne vichukuliwe upya.

Mkulima wa Nyandarua, kwa hesabu hizi, huenda akapata nafuu kubwa kutokana na matairi mazuri ya matope na springi za wastani. Mjenzi wa Kitengela atafaa kununua springi za mzigo wa kudumu na bamba la chuma la kukinga tumbo la gari. Kijana wa mjini naye atatosheka na sentimita nne za mbele zitakazoisawazisha pikapu yake, kwani pikapu tupu kwa kawaida huinamia mbele. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji kupita sentimita tano. Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Anayepanda kwa kipimo hushuka salama mlangoni pake jioni.