Kengele ya Bwana PC

Guka wangu alikuwa tarishi. Si karani, si DO. Tarishi: yule jamaa wa kaki anayebeba faili kutoka meza hii hadi ile, na chai katikati. Kazi hiyo aliifanya Nakuru, kwenye ofisi za mkoa, tangu siku za mkoloni hadi miaka ya sabini, na kitu alichokumbuka kuliko vyote ni kengele. Bosi akiibonyeza mara moja, anaitwa karani. Mara mbili, tarishi. "Mzungu alirudi kwao," aliniambia siku moja tukiota jua nje ya nyumba kule Bahati, "lakini kengele hakubeba."

Nimemfikiria sana mwaka huu. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kupata skolashipu ya ng'ambo, na nilichokuja kusomea ni utawala wa umma. Marafiki zangu wa Section 58 walicheka sana. Kwani unavuka bahari kusomea uchifu? Darasani tuko ishirini na kitu, nje kidogo ya Berlin: Nepal, Ghana, Ufilipino, Kolombia, Ethiopia. Karibu wote tumetoka kwenye ofisi za serikali, na wengi tulisaini karatasi kwamba tutarudi. Yangu inasema miaka mitatu ya kazi, au nirudishe mshahara wote niliolipwa nikiwa huku.

Safari hii ni ya zamani kuliko Kenya yenyewe. Ndege za Tom Mboya mnazijua, wale wanafunzi 81 wa 1959 waliopanda kwenda Marekani, kwa hivyo sitawachosha nazo. Mimi hunivuta zaidi wale walioenda kusomea kazi moja tu: kutawala. Charles Njonjo alipitia Exeter kabla hajawa wakili. Simeon Nyachae, mtoto wa Chifu Musa Nyandusi wa Kisii, alienda Torquay, mji wa ufukweni kusini mwa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Kenya ingali na gavana Mwingereza. Akarudi akawa DO, akapanda ngazi, na mwaka 1965 akakabidhiwa mkoa mzima wa Bonde la Ufa, makao makuu Nakuru. Alikuwa na miaka 33. Mimi nina 31 na bado naomba ruhusa nikitaka kuprinti kurasa zaidi ya kumi.

Hebu kifikirie hicho kiti. Nakuru ilikuwa mji mkuu wa masetla, kitovu cha yale mashamba waliyoyaita Nyanda za Juu za Wazungu. Januari 1964, wiki chache tu baada ya Uhuru, wanajeshi waliasi katika kambi ya Lanet, na majeshi ya Uingereza ndiyo yaliyoitwa kuwatuliza. Na kwa muda mfupi, tangu 1963, Bonde la Ufa lilikuwa jimbo lenye bunge lake la kuchaguliwa, rais wa jimbo akiwa Daniel arap Moi. Kisha tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakazimwa. Kwa hivyo PC wa 1965 hakurithi kiti cha Mzungu peke yake. Alikalia pia mahali palipokuwa pametengewa watu waliopigiwa kura.

Hapa ndipo akili yangu huganda. Uingereza haina PC. Haina DC, haina chifu wa kuitisha baraza chini ya mti. Shule, barabara na maktaba za huko miaka hiyo zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya kuchaguliwa, na mtumishi wa serikali aliandika ripoti kwa diwani, si kinyume chake. PC ni kitu ambacho Waingereza walitutengenezea sisi, hawakukijenga kwao. Kijana aliyetoka huku akaishi kule aliona kwa macho yake kwamba mambo yanaweza kuendeshwa vingine. Halafu akarudi, na kiti kilichomngoja kilikuwa kile kile cha zamani, sasa kikiwajibika kwa Ofisi ya Rais.

Sisemi walikuwa wanafiki. Nchi ilikuwa changa, mashamba yakigawanywa, kila upande ukiwa na hofu na mwenzake. Labda hata mimi ningekikalia. Lakini mwaka 1969 sheria ilipitishwa ya kuyanyang'anya mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara, na kuanzia Januari 1970 kazi hizo zikarudi kwa serikali kuu. Manispaa kubwa ziliachwa, Nakuru ikiwemo. Maana yake ni kwamba ukiishi Bondeni, shule ya mtoto wako ilibaki chini ya baraza la mji. Ukivuka mpaka wa manispaa kuelekea mashambani, shule ni ya Nairobi. Mpaka huo sikuufundishwa popote nilipokuwa nikikua. Nimeukuta hapa Ujerumani, kwenye maktaba, nikitafuta kitu kingine kabisa.

Si wote walioelekea Uingereza. Mwaka 1958 Mfalme Haile Selassie alitangaza skolashipu kwa Waafrika kutoka nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni, na mmoja wa waliofika Addis Ababa ni Robert Ouko, aliyesoma huko utawala wa umma, uchumi na siasa. Mwenzangu Mwethiopia ndiye aliyenisimulia upande wao: wageni hao walifika wakiwa wanabishana waziwazi kuhusu vyama na uhuru, na wenyeji wao, waliozoea kuinamisha kichwa, wakashangaa. Desemba 1960 palipotokea jaribio la kumpindua mfalme, wanafunzi wa chuo waliandamana kuliunga mkono. Wanahistoria wa Ethiopia huwataja wageni wale miongoni mwa mambo yaliyowaamsha. Mfalme alikuwa amelipia karo ya maswali ambayo yalimrudia mwenyewe. Hiyo ndiyo aina ya mabadilishano ninayoielewa.

Nyumbani nako chuo kilifunguliwa Lower Kabete mwaka 1961, Kenya Institute of Administration, kwenye majengo ya iliyokuwa Jeanes School, na baadaye walimu wakaja kutoka Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Leo ndiyo Kenya School of Government. Nilifanya kozi ya wiki mbili pale. Chakula poa.

Muhula uliopita mhadhiri alitupa Kenya kama mfano mzuri wa ugatuzi. Katiba ya 2010, kaunti 47, magavana tangu 2013. Wote wakanigeukia, na nikajikuta natabasamu kama balozi. Nikasema ndiyo, kuna zahanati ambazo hazikuwepo, kuna barabara. Kisha nikaongeza kwamba Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali la Sita, iliipa serikali kuu miaka mitano kuupanga upya utawala wa mikoa ili ulingane na ugatuzi, na kwamba Nakuru leo, jiji tangu Desemba 2021, ina gavana aliyechaguliwa na kamishna wa kaunti aliyeteuliwa, na chini ya kamishna bado kuna chifu. Mkolombia akauliza: mtu akiwa na shida huenda kwa nani? Nikajibu bila kufikiri: kwa chifu.

Barua pepe imekuja kutoka kazini. Meza yangu ina mtu mwingine. Nikirudi niripoti, nitapangiwa. Mwenzangu mmoja, si Mkenya, ameshaamua kubaki Berlin na kulipa deni lake polepole, na ameniwekea hesabu kwenye karatasi kuonyesha kwamba hata mimi naweza. Hesabu zake ni sahihi. Nimekata tiketi ya Septemba, na ningependa kuwaambia ni uzalendo, ila nusu yake ni cucu, ambaye ana miaka 88 na kila Jumapili huniuliza kama huku kuna viazi.

Nusu nyingine ni mama mmoja. Kabla sijaondoka nilikuwa kwenye ofisi ndogo upande wa Njoro, na alikuja na fomu ya basari ya mtoto wake. Nilikuwa kwenye simu. Nikamwonyesha kidole, ngoja. Alisimama mlangoni, fomu ameikunja mara nne, na kiti kilikuwepo hapo mbele yake, kitupu. Simu ilichukua dakika kumi hivi. Nilipomaliza nilimpigia muhuri, akanishukuru sana, akaita "mkubwa", akatoka. Nilikuja kukumbuka kile kiti nikiwa tayari hapa, darasani, tukiwa katikati ya somo la jinsi ya kuhudumia wananchi.