Joto lililofichika chini ya barafu ya Aktiki

KUPUNGUA kwa barafu ya Bahari ya Aktiki kumezoeleka kuelezwa kuwa kazi ya hewa yenye joto inayoiyeyusha kutoka juu. Utafiti ulioongozwa na Profesa Igor Polyakov, mtaalamu wa sayansi ya bahari katika Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks nchini Marekani, umeonyesha kwamba katika upande wa mashariki wa bahari hiyo barafu inaliwa pia kutoka chini, na maji ya vuguvugu yanayotoka Bahari ya Atlantiki.

Kuwepo kwa maji hayo si jambo jipya kwa wanasayansi. Mwaka 1893, mvumbuzi wa Norway, Fridtjof Nansen, aliiacha kwa makusudi meli yake, Fram, inaswe na barafu kaskazini mwa Siberia. Meli hiyo ilielea pamoja na barafu kwa takriban miaka mitatu hadi ilipojinasua karibu na visiwa vya Svalbard mwaka 1896.

Vipimo vilivyochukuliwa katika safari hiyo vilibainisha mambo mawili. Kwanza, bahari iliyodhaniwa kuwa na kina kifupi ilikuwa na kina cha zaidi ya mita 3,000. Pili, chini ya maji ya juu yaliyokaribia kuganda, kuanzia kina cha mita 200 hivi, kulikuwa na maji yenye joto lililozidi nyuzi sufuri.

Kwa kawaida maji ya moto hupanda juu na ya baridi hushuka. Katika bahari za ncha ya dunia, hata hivyo, uzito wa maji huamuliwa zaidi na chumvi kuliko joto. Maji ya Atlantiki yana chumvi nyingi, hivyo ni mazito na huzama. Yale ya juu yana chumvi kidogo kwa sababu mito mikubwa ya Siberia, ikiwemo Ob, Yenisei na Lena, humwaga huko maji yake matamu. Aliyewahi kuona maji ya mto Sabaki yenye rangi ya udongo yakitanda juu ya bahari karibu na Malindi atalielewa jambo hili.

Kati ya maji hayo ya juu na yale ya Atlantiki, kwenye kina cha mita 50 hadi 150 hivi, kuna tabaka jingine. Maji yake ni baridi kama ya juu, lakini chumvi yake huongezeka upesi kadiri kina kinavyoongezeka. Tabaka hilo ndilo linalozuia joto la chini lisiifikie barafu, mfano wa kifuniko cha sufuria kinachozuia mvuke. Umuhimu wake ni mkubwa mno, kwani joto lililomo ndani ya maji ya Atlantiki lingetosha kuyeyusha barafu yote ya Aktiki mara kadhaa.

Swali ambalo Polyakov na wenzake walitaka kulijibu ni kama kifuniko hicho bado ni imara. Setilaiti haziwezi kulijibu. Huona ukubwa wa eneo lililofunikwa na barafu, lakini haziwezi kupima joto la maji yaliyo mita 100 chini yake.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2002 ulianzishwa mradi wa NABOS, ambao jina lake linatokana na mabonde mawili ya chini ya bahari hiyo, Nansen na Amundsen. Watafiti huteremsha nyaya ndefu zilizofungwa nanga kwenye sakafu ya bahari, na kuzisimamisha wima kwa maboya yanayobaki chini ya maji ili yasikokotwe na barafu. Vifaa vilivyofungwa kwenye nyaya hizo hupima joto, chumvi na mwendo wa maji usiku na mchana. Baada ya mwaka mmoja au miwili, meli ya kuvunja barafu hulazimika kurudi mahali pale pale kuvitoa. Waya ukikatika au kifaa kikipotea, kumbukumbu iliyohifadhiwa ndani yake hupotea pia.

Mwaka 2017, Polyakov na wenzake kutoka nchi kadhaa walichapisha matokeo yao katika jarida la Science. Walieleza kuwa tabaka la kati lilikuwa limedhoofika na maji ya Atlantiki yamesogea karibu zaidi na uso wa bahari. Joto lililopanda wakati wa baridi lilizuia barafu mpya isigande kwa unene wa kawaida, na athari yake ilikaribia kulingana na ile ya joto la hewa.

Utafiti mwingine wao, uliochapishwa mwaka 2020, ulitoa kipimo cha badiliko hilo. Katika majira ya baridi ya 2007 na 2008, joto lililopanda kutoka chini lilikuwa wati 3 hadi 4 kwa kila mita mraba. Kufikia 2016 hadi 2018 lilizidi wati 10.

Aidha, badiliko hilo hujiongezea nguvu lenyewe. Barafu ikipungua, upepo hupata nafasi ya kuyakoroga maji. Maji yanapoganda tena, chumvi yake hutengwa na barafu na kuzama, nayo huzidi kuyachanganya matabaka. Kifuniko hudhoofika zaidi, na joto zaidi hupanda.

Hata hivyo, mambo hayajaenda katika mkondo mmoja. Setilaiti zilionyesha kwamba mnamo Septemba 2012 eneo la barafu lilishuka hadi chini ya kilomita mraba milioni 3.5, kiwango cha chini kabisa tangu vipimo hivyo vianze mwaka 1979. Hadi mwisho wa kiangazi cha 2025, rekodi hiyo ilikuwa haijavunjwa.

Katika utafiti wa mwaka 2023, Polyakov na wenzake walihusisha hali hiyo na mpangilio wa pepo uliotawala tangu 2007. Pepo hizo zilipunguza maji ya Atlantiki yanayoingia kupitia mlangobahari wa Fram, ulio kati ya Greenland na Svalbard, na kupeleka maji matamu ya mito ya Siberia upande wa Marekani na Kanada, ambako kifuniko kiliimarika. Watafiti hao walikadiria kuwa mpangilio wa aina hiyo hudumu kwa takriban miaka 15 kabla ya kugeuka.

Kuyeyuka kwa barafu inayoelea hakupandishi sana kina cha bahari, kwani tayari imo majini. Kinachopandisha ni barafu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland. Hasara ya barafu ya baharini ni nyingine: weupe wake hurudisha miale ya jua angani, na ikitoweka, maji meusi huimeza miale hiyo na kupata joto. Dubu weupe, sili na jamii za Inuit zinazowinda juu ya barafu hupoteza mahali pa kutegemea.

Pepo hizo zikigeuka, kupungua kwa barafu kunaweza kushika kasi tena, na safari hii juu ya kifuniko ambacho upande wa mashariki kimekwisha kudhoofika. Dalili za kwanza huenda zikaonekana kwenye vifaa vilivyofungwa chini ya maji kabla ya setilaiti kuona lolote.