Agathe Uwilingiyimana: Mwalimu Aliyetetea Nafasi ya Mtoto Darasani



Kila tarehe 1 Februari, Wanyarwanda huadhimisha Siku ya Mashujaa. Siku hiyo mashada ya maua huwekwa katika makaburi ya mashujaa yaliyopo Remera, jijini Kigali. Miongoni mwa waliolazwa hapo yumo mwalimu wa kemia, Agathe Uwilingiyimana. Wengi humkumbuka kwa kifo chake, kwa kuwa aliuawa tarehe 7 Aprili 1994 akiwa Waziri Mkuu. Katika somo la leo tumtazame kwa jambo alilolitenda miaka 2 kabla ya hapo, akiwa ofisini, kwa kalamu tu. Jambo hilo linamhusu kila aliyewahi kufanya mtihani na kungoja matokeo.

Safari ya mwalimu

Agathe alizaliwa mwaka 1953 katika eneo la Butare, kusini mwa Rwanda. Alisoma katika shule ya Notre Dame de Cîteaux jijini Kigali, kisha akawa mwalimu wa hisabati na kemia. Akiwa mke na mama, alirudi masomoni, akapata shahada ya sayansi mwaka 1985. Mwaka uliofuata, huko Butare, alianzisha ushirika wa kuweka na kukopa miongoni mwa wafanyakazi wa shule. Mwaka 1989 alihamia Kigali kufanya kazi katika wizara ya biashara. Utaona kwamba hakuingia katika uongozi kwa mtutu wa bunduki wala kwa urithi wa ukoo. Aliingia kwa chaki na daftari la ushirika.

Neno zuri lenye tendo baya

Wakati huo shule za Rwanda zilitawaliwa na utaratibu ulioitwa *iringaniza*. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaweza kulikaribia neno hili la Kinyarwanda, kwa maana ni ndugu wa vitenzi vyetu *kulingana* na *kulinganisha*. Masikioni linaleta wazo la usawa. Katika utekelezaji, nafasi za sekondari na za kazi ziligawanywa kwa kufuata kabila na mkoa wa mtu. Tangu miaka ya 1930, chini ya ukoloni wa Ubelgiji, kila mtu mzima alibeba kitambulisho kilichotaja kundi lake: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Basi mtoto Mtutsi aliweza kufaulu vizuri na bado akakosa nafasi, na mtoto wa mkoa usiopendelewa vivyo hivyo. Hatima yake ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla hajaishika kalamu ya mtihani.

Mwezi Aprili 1992, baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi, iliundwa serikali ya mseto. Agathe, mwanachama wa chama cha upinzani cha MDR, aliteuliwa kuwa waziri wa elimu ya msingi na sekondari. Aliufuta utaratibu ule. Aliagiza nafasi za shule za serikali na misaada ya masomo zitolewe kwa kufuata alama za mtihani. Kumbuka kwamba yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa Mhutu. Kama angetafuta faida ya kundi lake, angenyamaza tu na mambo yangeendelea kama yalivyokuwa.

Jibu lilikuja upesi. Mwaka huohuo wa 1992 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake wakampiga. Wanawake wa Kigali waliingia barabarani kuandamana kwa ajili yake. Magazeti ya chuki nayo yaliendelea kumchora kwa vibonzo vya aibu, yakimdhalilisha kama kiongozi na kama mwanamke. Hakuurudisha utaratibu ule.

Waziri Mkuu asiye na jeshi

Tarehe 18 Julai 1993 Agathe akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Rwanda. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Agosti, serikali na chama cha RPF walitia saini mkataba wa amani mjini Arusha, Tanzania. Cheo chake kilikuwa kikubwa, lakini nguvu zake zilikuwa ndogo. Chama chake kiligawanyika na sehemu yake ikamkana. Alibaki madarakani kwa muda tu, akingoja serikali mpya ya mkataba ambayo haikuundwa kamwe.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa Kigali. Kisheria, Agathe ndiye aliyebaki mkuu wa serikali. Alikusudia kuzungumza na wananchi kupitia Redio Rwanda ili kuwatuliza. Askari wa kulinda rais waliizingira nyumba yake, na asubuhi wakamuua yeye na mumewe. Askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa na Umoja wa Mataifa kumlinda nao waliuawa. Watoto wake 5 walijificha, wakaokolewa kwa msaada wa Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, ambaye naye aliuawa Kigali mwezi uliofuata. Ndivyo yalivyoanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. (*Kimbari* hutokana na *mbari*, yaani ukoo.)

Je, kazi yake ilipotea?

Unaweza kuuliza: amri ya waziri ilifaa nini, ikiwa nchi iliangamia miaka 2 baadaye? Swali hili ni halali. Amri peke yake haikuweza kuzuia silaha. Hata hivyo, fikiria usiku wa tarehe 18 Machi 1997, katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi. Wavamizi waliingia darasani wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wanafunzi walikataa, wakisema kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa.

Leo wanafunzi wa Nyange na Agathe wamo katika daraja moja la mashujaa wa taifa, liitwalo *Imena*. Mmoja alikuwa waziri, wengine walikuwa vijana wa rika lako. Wote walikataa jambo lilelile: kwamba watoto walioketi pamoja darasani watenganishwe kwa jina la kundi. Uraia, ndugu mwanafunzi, huanzia hapo, katika kumtambua jirani yako wa dawatini kuwa ana haki ileile uliyo nayo wewe.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza tofauti kati ya maana ya neno *iringaniza* na matumizi yake shuleni.
2. Kwa nini uamuzi wa Agathe ulikuwa mgumu zaidi kwa mtu aliyehesabiwa kuwa Mhutu?
3. Andika aya moja kuhusu kanuni moja ya shuleni kwako. Je, inawatendea haki wanafunzi wote?