Mti Mbichi na Mti wa Bandia: Habari za Krismasi Katika Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka, Desemba inapokaribia, katika mabaraza ya wazee wa sharika nyingi za Mbeya na Iringa huzuka shauri ambalo mgeni angelicheka: je, mti wa Krismasi utakaosimama mbele ya kanisa ukatwe shambani, au ununuliwe dukani? Upande mmoja huwa wazee, ambao aghalabu husema kwamba mti wa plastiki ni uongo uliosimamishwa ndani ya nyumba ya Mungu. Upande wa pili huwa vijana, pamoja na mtunza hazina, ambaye amechoka kulipa nauli ya gari la kubeba mti mmoja kila mwaka. Nimelisikia shauri hili mara nyingi kiasi cha kuona kwamba yafaa liandikiwe habari zake, kwa maana wabishani wa pande zote mbili hulitumia neno desturi kana kwamba desturi hiyo ina umri wa milima ya Uporoto. Haina.

Tuanze kwao ilikotoka. Habari za kale zilizo wazi hutoka nchi ya Alsace, mpakani mwa Ujerumani na Ufaransa. Mwaka 1605 msafiri mmoja aliandika kwamba watu wa Strasbourg husimamisha miti ya misonobari vyumbani mwao, na kuitundika mawaridi ya karatasi, matufaha, na vikaki vyembamba. Kisa cha Martin Luther kutembea msituni usiku na kuona nyota katikati ya matawi kilitungwa baadaye sana, na hakina ushahidi. Uingereza nayo iliuzoea mti huo baada ya mwaka 1848, gazeti moja la London lilipochapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert, aliyekuwa Mjerumani, wakiuzunguka mti pamoja na watoto wao. Basi, wakati wamisionari walipoanza kupanda milima yetu, desturi hii katika Uingereza haikuwa imetimiza hata miaka hamsini.

Maana ya mti huo huko kwao ni rahisi kuifahamu. Desemba ya Ulaya ni mwezi wa giza. Miti imepukutika, ardhi imefunikwa na theluji, na jua halikai juu ya upeo ila saa chache. Mti usiopoteza majani wakati kila kitu kimekufa ni habari njema yenyewe, hata kabla mhubiri hajafungua kinywa.

Mwaka 1891 Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walijenga misioni yao ya kwanza Rungwe, na mwaka uo huo wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walikaa upande wa kusini wa nchi ya Wanyakyusa. Ndio mwaka ambao Wahehe waliyashinda majeshi ya Wajerumani huko Lugalo, tarehe 17 Agosti. Mambo haya mawili hayasimuliwi pamoja, lakini msomaji atakumbuka kwamba habari ya amani duniani na bunduki ziliingia katika nyanda zetu kwa wakati mmoja. Baadaye watu wa Berlin walienea hadi kwa Wabena na Wahehe: Kidugala, Lupembe, Ilembula, na Pommern, mahali palipopewa jina la jimbo la Ujerumani na ambapo wenyeji wamepalainisha pakawa Pomerini.

Sasa mtazame Mjerumani aliyesimama Rungwe siku ya tarehe 24 Desemba. Mvua zimekwisha kuanza. Migomba imenawiri, mahindi yametoka ardhini, nyasi zimefika magotini. Kitu kisichopatikana hapo ni giza na theluji; na kingine kisichopatikana ni ule msonobari wa kwao, kwa maana haumei katika nchi hizi. Mti wowote ambao angeusimamisha ungekuwa badala ya mti mwingine. Huo ndio msingi wa neno ninalotaka kulisema: katika Nyanda za Juu Kusini, mti wa Krismasi ulikuwa mwigo tangu siku ya kwanza, hata ulipokuwa na mizizi.

Wala mwigo huo haukuwaaibisha Wamoravian, kwa sababu walikwisha kuuzoea. Mwaka 1747, katika mji wa Bethlehem, Pennsylvania, uliojengwa na kanisa lao, watoto walitengenezewa piramidi za matawi mabichi zenye mishumaa, na ile kubwa ikapambwa pia kwa matufaha na mistari ya mashairi. Haikuwa miti iliyokatwa ikasimamishwa. Ilikuwa kazi ya mikono. Nyota yao mashuhuri nayo, ambayo huning'inizwa majira ya Adventi, ilianza katika shule ya Niesky, Ujerumani, miaka ya 1830, nayo ni ya karatasi. Hakuna Mmoravian aliyepata kusema kwamba nyota ya karatasi ni uongo kwa kuwa haikuteremshwa kutoka mbinguni.

Hapa naomba ruhusa ya kuingia kidogo katika lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Neno bandia linawatia watu hofu bure. Kamusi za kale zinalitaja kwanza kwa maana ya mwanasesere: mtoto wa bandia, anayebebwa mgongoni na msichana mdogo. Msichana yule hadanganyi mtu, wala hadanganyiki. Mpaka leo twasema meno ya bandia bila kumtukana mzee anayeyavaa, bali noti bandia humpeleka mtu gerezani. Tofauti iko katika nia: meno yanatenda kazi ya meno mbele ya watu wote wajuao, na noti hutaka kuaminiwa kuwa sivyo ilivyo. Sijapata kumwona mtu aliyedhani kwamba mti wa plastiki uliota.

Majina ya miti yenyewe yana mkasa wake. Waliotafsiri Biblia iliyotolewa mwaka 1952 walipofika kwa Isaya waliona Kiswahili hakina majina ya miti ya Lebanoni, wakayachukua ya Kiebrania na kuyavika ngeli yetu: mberoshi, mtidhari, mteashuri. Waumini wameyasoma kwa sauti kwa vizazi viwili bila kuona hata jani moja. Pwani na katika miji ya joto, jina la mkrismasi limepewa mti mwingine kabisa, ule mpana wenye maua mekundu kama moto ambao asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Watu waliutazama mti unaochanua Desemba wakaupa jina la sikukuu. Hao, kwa maoni yangu, walitenda kwa akili zaidi kuliko sisi wa milimani, kwa kuwa waliutafuta mti wa siku hiyo katika nchi waliyomo.

Sisi tulichukua mpaini na saipresi. Wazee wanaposema mti wa asili, miti hii miwili ndiyo waliyo nayo moyoni, nayo yote ni migeni kutoka Mexico. Mpaini unaojaza milima ya Mufindi, ambao wataalamu huuita Pinus patula, ni wa milima ya huko, na sindano zake huning'inia kama nywele zilizolowa, hata haufai sana kutundikwa mapambo. Saipresi yetu imeitwa na wataalamu kwa jina la Ureno, lusitanica, nayo ni ya Mexico na Guatemala. Majaribio ya kupanda Sao Hill, karibu na Mafinga, yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafuata katika miaka ya 1960 na baadaye, hata leo ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali katika Tanzania. Saipresi haikuwa na bahati hiyo. Kidukari mmoja mdogo aliyeonekana Malawi mwaka 1986 alifika Kenya mwaka 1990, na Tanzania, iliyo katikati, haikupona. Miti mingi iliyopandwa kuzunguka makanisa na shule ilikauka ikawa ya kahawia ikiwa ingali wima. Tangu hapo mpaini ukabaki karibu peke yake.

Desturi yenyewe ilipata majaribu yake. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalitwaa Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, kisha Iringa, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Baada ya vita misioni za Unyakyusa zikawa chini ya uangalizi wa Waskoti wa Livingstonia mpaka katikati ya miaka ya 1920. Waskoti wale walitoka katika kanisa lililoitazama Krismasi kwa jicho baridi. Kwao Uskoti haikuwa sikukuu ya serikali mpaka mwaka 1958. Vita vya pili vikawaondoa Wajerumani tena. Hata hivyo Krismasi haikupoa. Iliyoishika, basi, ilikuwa mikono ya waalimu na wazee wa Kiafrika, na kwa sababu hiyo sikubaliani na wasemao kuwa mti ule ni wa Wajerumani tu. Mambo yaliyotunzwa na babu zetu wakati mwenyewe hayupo yamekwisha kuwa yetu. Wakatoliki wa Tosamaganga nitawapita upesi: Noeli yao huzunguka pango, lile ambalo husemwa lilianzishwa na Fransisko wa Asizi huko Greccio mwaka 1223, na ugomvi wa mti kwao ni mdogo.

Ama mti wa bandia, nao ni Mjerumani. Katika karne ya kumi na tisa, watu wa kwao walipoona misitu yao inaharibiwa na wakata vilele, walitengeneza miti ya manyoya ya bata bukini, wakayapaka rangi ya kijani na kuyafunga katika nyaya. Wamarekani walileta miti ya alumini mwishoni mwa miaka ya 1950. Plastiki ikafuata, na leo mingi hutengenezwa China. Hufika Kariakoo, kisha hupakiwa basi, zaidi ya kilomita mia nane mpaka Mbeya. Watafiti wa Montreal walikadiria mwaka 2009 kwamba mti wa namna hiyo hauna budi kutumiwa zaidi ya miaka 20 ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yawe madogo kuliko ya miti mibichi inayokatwa kila mwaka. Hesabu ile ni ya Canada, lakini yatosha kumwuliza mtunza hazina swali: stoo ya kanisa ina panya wangapi, na mti wa plastiki utapita Krismasi ngapi humo? Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo miti ya plastiki iliuzwa kama kawaida.

Lakini katika baraza la wazee sijasikia likitajwa jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Mti mbichi hukatwa wapi? Ndani ya msitu wa hifadhi haukatwi bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imekwisha kulisema hilo. Basi vijana wanaotumwa tarehe 23 huenda kwenye kishamba cha mtu. Na kwa kuwa mti mzima ni mrefu mno, hukata kilele. Mpaini uliokatwa kilele haufi, bali matawi mawili ya juu hushindana kushika nafasi yake, na shina likagawanyika au likapinda. Haupati tena kutoa ubao mrefu ulionyooka. Katika vijiji vya Mufindi na Kilolo miti mia mbili ya mpaini ni karo ya shule, ni bati la nyumba, ni akiba ya mjane asiye na benki. Mfikirie mjane huyo siku ya Krismasi, ameketi kanisani na wajukuu wake, akiutazama mti uliopambwa mbele yake, akihisi kwamba anaujua. Mzee anayeuita huo mti wa kweli yafaa aulizwe ni wa nani.

Kwa hiyo mimi si wa upande wa plastiki, wala sitamfuata mzee yule. Mpaini hujipanda wenyewe: mbegu huruka, na miche huota pembeni mwa barabara na katika majani ya malisho, mahali isipotakiwa, na wenye ng'ombe huing'oa kila mwaka. Mmoja wa kimo cha mtu hupatikana kwa kuomba tu. Na panapopogolewa miti michanga, matawi huachwa chini yaoze. Fundi seremala akiunda kiunzi cha mbao, na akinamama wakayafunga matawi hayo juu yake, litasimama kanisani umbo lililo karibu sana na lile la mwaka 1747 kuliko kitu chochote kilichopata kuletwa na basi kutoka Dar es Salaam. Gharama yake ni misumari na kamba.

Watakaoniambia kwamba hilo litakauka kabla ya Mwaka Mpya wamesema kweli. Wakati huo watu wa Mufindi huwa wako mlimani na miche yao, kwa kuwa mvua za Desemba ndizo za kupandia, na hekta moja yenye nafasi ya mita tatu kwa tatu huchukua miche kama 1,100.