Jina lako kwenye daftari la mikopo: namna ya kulijenga na kulilinda

Mvuvi wa Mangapwani anataka mashine mpya ya boti. Mama anayeanika dagaa anataka kuongeza vichanja. Wakifika benki mjini, barua ya sheha na kitambulisho havitoshi. Afisa mikopo ataangalia pia kwenye kompyuta: waliwahi kukopa wapi, walilipa vipi, na wanadaiwa nini mpaka leo. Kumbukumbu hiyo ndiyo historia ya mikopo. Kwa mtu asiye na nyumba yenye hati, historia nzuri ni mtaji. Ikiharibika, inaweza kumnyima mkopo hata kama biashara yake inakwenda vizuri.

Nani anaandika kumbukumbu hizo?

Benki Kuu ya Tanzania, inayosimamia mabenki ya Bara na ya Zanzibar, ilitoa kanuni za taarifa za wakopaji mwaka 2012. Mabenki hupeleka taarifa za wateja wao kwenye kanzidata ya Benki Kuu. Kampuni zenye leseni za kuchakata taarifa za wakopaji, kama Creditinfo Tanzania, huzitumia kuandaa ripoti. Ndani yake mnakuwa na jina lako, namba ya kitambulisho, mikopo uliyochukua, kiasi kilichobaki na ucheleweshaji wa marejesho.

Kuchelewa siku mbili si sawa na kuchelewa miezi. Mkopo uliopitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo chechefu, na hapo ndipo milango huanza kufungwa.

Mkopo wa simu nao ni deni

Huduma kama M-Pawa, iliyoanza mwaka 2014, zilifikisha mkopo mkononi mwa mtu ambaye hajawahi kuingia benki. Wengi huuona mkopo wa shilingi 20,000 kuwa mdogo, wakabadilisha laini na kuusahau. Lakini nyuma ya huduma hizo huwa kuna benki, na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiitupa laini, deni linabaki na jina lako.

Wenzetu wa Kenya waliliona hili kwa ukubwa. Watu wengi waliorodheshwa kuwa wadaiwa sugu kwa madeni madogo ya simu, hadi Aprili 2020 Benki Kuu ya nchi hiyo ikaagiza wanaodaiwa chini ya shilingi 1,000 za Kenya wasiorodheshwe tena.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimpe mtu laini yako akopee, hata akiwa ndugu. Na ukimdhamini mtu, jua kwamba akishindwa kulipa wewe ndiye utakayefuatwa.

Kikoba: uaminifu ambao benki haiuoni

Vikundi vya kuweka na kukopa vina mizizi Unguja. Shirika la CARE lilianzisha mfumo huu Niger mwaka 1991, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikundi vya aina hiyo vilianza katika vijiji vya jirani na msitu wa Jozani. Leo mwanamke anaweza kuwa amekopa na kulipa kwenye kikundi miaka kumi bila kukosa, lakini rekodi hiyo imo ndani ya kijitabu na kasha la kufuli tatu. Kwa kawaida benki haiioni.

Njia ya kuionyesha ipo. Kikundi kifungue akaunti kwa jina lake na kupitisha fedha zake humo. Tunza kijitabu chako na stakabadhi. Siku ya kuomba mkopo, nenda navyo pamoja na barua ya viongozi. Hati hizo hazichukui nafasi ya ripoti, ila humsaidia afisa mikopo kumjua mtu ambaye kompyuta haina habari zake.

Kwa wanaokwepa riba

Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) ina huduma za Kiislamu, na Amana Bank inafanya kazi kwa misingi hiyo tangu mwaka 2011. Katika murabaha, benki hununua kitu, mfano mashine ya boti, kisha hukuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi, nawe ukalipa kidogo kidogo. Hakuna riba, lakini deni lipo na huandikwa. Kuandika deni si jambo geni kwetu: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hilo hilo.

Mambo ya kufanya

• Anza na mkopo mdogo wenye kazi maalumu, umalize, ndipo uombe mkubwa zaidi.

• Linganisha rejesho na msimu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Zungumza na benki mapema ili tarehe ya kulipa ije baada ya siku za giza.

• Usikope huku kulipa kule. Deni la pili haliondoi la kwanza, linaongeza tu mdai.

• Ukiona utashindwa, nenda benki kabla ya tarehe. Boti ikiharibika au kukiwa na msiba, muda wa kulipa unaweza kupangwa upya. Anayejificha hapewi nafasi hiyo.

• Ukimaliza deni, omba barua ya kuthibitisha na uihifadhi.

• Kabla ya kukopa kwenye programu ya simu, hakikisha ina kibali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini.

Ukikuta kosa

Una haki ya kuomba ripoti yako. Kosa likionekana, kama deni ulilokwisha kulipa, andika kwa benki iliyopeleka taarifa na kwa kampuni iliyotoa ripoti, ukiambatanisha stakabadhi. Benki isipokujibu, peleka malalamiko Benki Kuu, yenye tawi hapa Unguja. Ndiyo maana tunasisitiza karatasi: weka stakabadhi zako zote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, pasipofika maji wala mchwa.