Yoga kwa anayeanza: kiuno, pumzi na suala la imani

Mvuvi wa Rumonge au Nyanza-Lac anayekesha akivuta nyavu ziwani Tanganyika, na mwanamke anayeinama kutwa akianika ndagala, hawahitaji kuelezwa maumivu ya kiuno ni nini. Yoga, mazoezi yenye asili ya India yanayoambatanisha mikao ya mwili na upumuaji wa utulivu, ni mojawapo ya njia za kuyapunguza. Mwongozo wa Chuo cha Madaktari wa Marekani wa mwaka 2017 uliitaja miongoni mwa tiba za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno yaliyokuwa sugu.

Hata hivyo, kwa Waislamu wa mwambao huu swali la kwanza huenda lisiwe la kiuno: je, yoga si ibada? Chimbuko lake limo katika mapokeo ya kidini ya India ya kale, na si vyema kulificha hilo. Wanazuoni hawakuafikiana. Baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu kuifanya mwezi Novemba 2008. Miezi miwili baadaye, Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza ile inayochanganywa na maneno ya ibada, lakini likaruhusu ile ya kunyoosha viungo tu. Saudi Arabia iliikubali kuwa shughuli ya michezo mwaka 2017. Mwenye shaka amuulize shekhe wake. Mikao inayoelezwa hapa haina dua wala wimbo.

Gharama si kikwazo. Mkeka wa kawaida unatosha, ukitandikwa juu ya sakafu au ardhi ngumu. Mchanga wa ufukweni, ingawa unavutia, hudidimia na kuviumiza vifundo vya mikono. Wakati mzuri ni alfajiri, joto la ziwa halijapanda, tumbo likiwa tupu. Aliyekula asubiri muda wa saa mbili au tatu. Dakika 10 kila siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa mwezi.

Anayeanza asimame wima kwanza, miguu ikiachana kidogo, avute pumzi kwa pua na kuitoa polepole mara 10. Kisha apige magoti na kuweka viganja chini, mgongo ukiwa sawa kama meza. Anapovuta pumzi, aache tumbo lishuke na kifua kifunguke. Anapoitoa, aukunje mgongo juu kama paka aliyeshtuka. Mwendo huu ndio wenye manufaa zaidi kwa kiuno kilichokakamaa, nao usiharakishwe: pumzi ndiyo inayoongoza, mwili unafuata. Baada ya mara 8 hivi, akalie visigino, ainame mbele na kunyoosha mikono, kisha amalizie kwa kulala chali kimya dakika chache. Wengi huiruka sehemu hii ya mwisho wakidhani ni uvivu, kumbe ndipo mwili unapotulia.

Kunyooka kunaruhusiwa kuleta mvuto, si maumivu makali. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu wazungumze na mhudumu wa afya kwanza, na mwenye shinikizo la damu au la macho aepuke mikao ya kichwa chini. Mfungaji wa Ramadhani afanye kwa wepesi, kwani mwili hauna maji ya kutosha. Maumivu ya mgongo yanayoteremka mguuni na kuutia ganzi, au yanayokuja pamoja na homa, yapelekwe hospitali.