Mgunga na Majina Yake: Kutoka Shinyanga hadi Vienna



Katika nyika za Shinyanga, Kiswahili hutofautisha aina mbili za miti ya miiba. Mgunga ni hasa ule wenye miiba mirefu iliyonyooka. Kikwata ni ule wenye miiba mifupi iliyopinda kama ndoana. Wanabotania, kwa muda mrefu, waliiweka yote katika jenasi moja, Acacia, iliyoasisiwa na Philip Miller mwaka 1754.

Shinyanga ina nafasi yake katika historia hii. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton. Mbotania wake, B. D. Burtt, alikusanya na kutambua mimea kwa sababu mbung'o huchagua vichaka vyake; asiyeujua mti hawezi kujua adui amejificha wapi. Wote wawili walifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Vichaka vingi vilifyekwa, na ardhi ikaachwa wazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao uliirejesha miti kwa kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi.

Wakati huohuo uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba Acacia si ukoo mmoja. Kwa kanuni, jenasi ikigawanywa, jina hubaki na spishi ya mfano. Mfano huo ulikuwa mgunga wa Afrika, Acacia nilotica. Lakini spishi zilizo nyingi zaidi, karibu elfu moja, ni za Australia. Katika kongamano la Vienna la mwaka 2005, asilimia 54.9 ya kura zilipinga pendekezo la kuuhamisha mfano huo kwenda Australia. Hata hivyo ilihitajika asilimia 60 ili kulikataa, na pendekezo likapita. Kongamano la Melbourne lililithibitisha mwaka 2011. Hivyo mgunga ukawa Vachellia, kwa heshima ya kasisi Mwingereza George Vachell, aliyekusanya mimea nchini China. Kikwata nacho kikawa Senegalia.

Tazameni basi: mpaka uliochorwa na maabara unakaribiana sana na ule uliokwisha kuchorwa na Kiswahili kwa kutazama mwiba. Sidai kwamba vinalingana kabisa, kwani matumizi ya majina haya hutofautiana toka mahali hadi mahali.

Suala hili si la wasomi peke yao. Taarifa za HASHI ziliandikwa kwa jina la Acacia nilotica. Mwanafunzi wa leo anayesoma Vachellia nilotica aweza kudhani ni mti mwingine, na kazi ya miaka mingi ikampotea. Mfugaji aliyeutunza mti huo katika ngitili yake hakubadilisha jina. Kwa hiyo napendekeza kila orodha ya mimea yetu iandike, kando ya jina la kisayansi, jina la wenyeji, lugha yake na mahali liliposikika. Jina la kisayansi huamuliwa kwa kura. Jina la wenyeji hudumu maadamu kuna anayelitamka, na anayeliandika.